Amana ya Neno: Mwenye Kusema na Mwenye Kusahau

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemfundisha binadamu kubainisha yaliyomo moyoni mwake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, hii ni mas-ala ambayo watu huitaja barazani kwa mzaha, na haki yake ni kutajwa kwa khofu. Siku ya Ijumaa msikiti hujaa, khatibu hupanda mimbari akasema yaliyo haki, watu wakasali, wakatoka. Ukisimama mlangoni ukamwuliza mmoja mmoja, "Leo tumeusiwa nini?", aghlabu yao watakujibu kuwa khutba ilikuwa njema. Ukizidi kuuliza, njema kwa neno gani? hupati jawabu. Khatibu husema, "Mimi nimefikisha, yaliyobaki ni juu yao." Na msikizi husema, "Mimi nilikwenda, nikanyamaza, lakini sikushika kitu." Kila mmoja amejitoa katika lawama, na neno la haki limebaki katikati yao kama yatima asiye na walii.

Basi swali letu ndilo hili: neno la dini likisemwa kisha likasahauliwa, dhima yake ni ya nani? Na je, yafaa kulipamba neno ili likumbukwe, na mpaka wa pambo hilo ni upi?

MAANA YA KUFIKISHA

Jueni kwamba kufikisha si kusema tu. Nahodha aliyepewa shehena Lamu aipeleke Unguja, akaitosa baharini njiani, hawezi kumwambia mwenye mali kuwa ameifikisha kwa sababu tanga lilitwekwa na chombo kilikwenda. Ataulizwa: ilishuka? ilipokewa? Na neno la dini ni shehena ya watu, wala si mali ya msemaji.

Nabii Musa, alaihi ssalaam, alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake amfungue fundo la ulimi ili watu wayafahamu maneno yake. Akaomba pia nduguye Harun awe msaidizi wake, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha kuliko yeye. Khabari hizi zimo katika Sura Taha na Sura Al-Qasas. Angalia vizuri, ewe msomaji: Musa hakuutaka ulimi mwepesi ili asifiwe, aliutaka ili afahamike. Na katika Sura Ibrahim Mwenyezi Mungu ametukhubirisha kuwa hakumtuma Mtume yoyote ila kwa lugha ya kaumu yake, ili awabainishie. Sababu imetajwa pamoja na jambo lenyewe: kubainisha. Neno lisilobainika halijafika, hata likisemwa kwa sauti ya kutikisa kuta. Siku hizi misikiti yetu mingi ina vipaza sauti. Sauti yafika sokoni na ufukoni, lakini mara nyingi maana haijashuka ngazi za mimbari.

Ikiwa utasema: Nabii Nuhu alikaa na watu wake miaka 950, wala hawakumwamini ila wachache, je, tutasema hakufikisha? Tutajibu: hasha! Lakini isome Sura yake uone alivyofanya. Aliwalingania usiku na mchana, akawalingania kwa dhahiri na kwa siri, akawaogopesha na akawatumainisha kwa mvua na mali na watoto. Wao ndio waliotia vidole masikioni na kujifunika nguo zao. Hapa ndipo twapata mpaka wa mas-ala yetu. Kuziongoza nyoyo si kazi ya kiumbe, ni kazi ya Mola peke yake. Ama kutafuta mlango wa kuingilia, hiyo ni kazi ya msemaji. Nuhu hakubisha mlango mmoja tu miaka 950. Basi mwenye kusema kwa namna moja mwaka baada ya mwaka, kwa maneno wasiyoyajua watu, kisha akalalamika kuwa watu wa zama hizi wana nyoyo ngumu, huyo hajui bado kama ni ngumu, maana hajazipigia hodi.

NAMNA YA MTUME KATIKA KUFUNDISHA

Tuna kiigizo chetu kwa Mtume, swalla Llahu alaihi wasallam. Anas ametueleza kuwa Mtume akisema neno alikuwa hulirudia mara tatu mpaka lifahamike. Na Bibi Aisha ametueleza kuwa mazungumzo yake, lau mtu angependa kuyahesabu maneno, angeyahesabu. Ibn Masud alikuwa akiwawaidhi watu kila Alkhamisi. Mtu mmoja akatamani awawaidhi kila siku, naye akakataa, akakhofu kuwachosha, kwani Mtume mwenyewe alikuwa akiwachagulia nyakati. Na Ammar bin Yasir amepokea kuwa kurefusha Sala na kufupisha khutba ni alama ya fiqhi ya mtu. Ajabu ni kwamba wengi wetu tumeyageuza: Sala twaikimbiza, na khutba twairefusha.

Lakini zaidi ya uchache wa maneno, tazama alivyotia maana katika kitu cha kuonekana. Amepokea Jabir kwamba Mtume alipita sokoni na watu wako pande zake mbili, akaona mwanambuzi mfu mwenye masikio madogo. Akamshika sikio, akauliza nani anamtaka kwa dirham moja. Wakasema hawamtaki kwa chochote. Akauliza kama wangependa kupewa bure. Wakajibu kuwa hata angekuwa hai alikuwa na aibu ya masikio, sembuse naye ni mfu! Hapo akawaambia kuwa dunia ni duni zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko mzoga huo mbele yao. Nani katika wale angeweza kupita tena soko lile asikumbuke? Hakuanza kwa kuidharau dunia. Aliwauliza kwanza, wakatoa hukumu wenyewe kwa ndimi zao, kisha hukumu yao akairudisha juu yao.

Na mara nyingine alichora mraba chini, na mstari katikati yake unaotokeza nje, na mistari midogo pembeni. Mtu ni yule wa katikati, ajali imemzunguka pande zote, misukosuko yamdonoa, na kile kitokezacho nje ni tamaa yake. Khabari hii ameipokea Bukhari kwa Ibn Masud.

Ama mfano ulio wetu khasa sisi watu wa pwani, ni ule wa chombo uliopokewa na Nuuman bin Bashir. Watu walipiga kura katika chombo, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakitaka maji huwapitia wa juu. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Sasa fikiri, ndugu yangu. Mtume angeweza kusema tu kuwa kukataza maovu ni wajibu, na hilo ni haki. Lakini mfano huu umesema na jambo ambalo amri tupu haisemi: kwamba yule mtoboaji hana nia mbaya. Ataka maji, na ataka asiudhi mtu, na atoboa katika fungu lake mwenyewe. Ndivyo udhuru wa kila mwenye maasia: "Hii ni nyumba yangu, hii ni pesa yangu." Mtu aliyepanda jahazi mara moja katika umri wake hana haja ya kuelezwa kuwa maji hayajui fungu la nani. Basi mfano mwema si pambo lililotiwa juu ya maana. Mfano mwema ni maana yenyewe, imevaa nguo inayojulikana mtaani.

WALIVYOFANYA WANAZUONI NA WAZEE WETU

Wanazuoni waliokuja baadaye walijua kuwa ilimu isiyo na mshikio huanguka. Wakaifunga kwa hesabu na kwa mizani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alizikusanya Hadithi zake arubaini, nazo kwa hesabu ni 42, akachagua zile ambazo dini yazizunguka. Ibn Malik aliitia nahau katika beti zipatazo 1000, na Ibn Raslan akaitia fiqhi ya Shafii katika Zubad. Na sisi vyuoni mwetu tumesoma Safina, ambamo kila jambo lina idadi yake: nguzo za Uislamu 5, nguzo za Imani 6, na kadhalika. Mtoto akisahau moja, hesabu humwambia kuwa kuna kitu kimepungua. Hii ndiyo hikima ya kuhesabu.

Wazee wetu wa pwani nao hawakuwa nyuma. Utenzi una vipande vinne katika ubeti, kila kipande mizani minane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hushika kina cha utenzi mzima. Kwa njia hiyo mafunzo yalikaa vifuani mwa watu ambao hawakuwa na kitabu. Mwana Kupona, mwaka 1858, alipotaka kumwusia binti yake, alimtungia utenzi, na wasia ule umesalia hata leo. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoona watu hawafikiwi na darsa, alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Sheikh Abdallah Saleh Farsy naye akatimiza tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili, ikatoka kamili mwaka 1969. Wote hao walitafuta mlango.

Na wala asidhani mtu kuwa madhhabu yetu yamezuia jambo hili. Nguzo za khutba ni tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia taqwa, kusoma aya, na kuwaombea waumini katika khutba ya pili. Sharti ya Kiarabu imewekwa katika nguzo hizo. Ama mawaidha wasomewayo watu kabla ya khatibu kupanda mimbari, na darsa baina ya Magharibi na Isha, mlango wake u wazi kwa lugha ambayo mama zetu walitubembelezea kwayo.

KUKUMBUKA KWA ULIMI NA KUKUMBUKA KWA MOYO

Ikiwa utasema: watu wetu wamehifadhi mengi, mbona hayawafai? Tutajibu: kukumbuka ni kwa namna mbili. Kuna kukumbuka kwa ulimi, na si jambo la kudharauliwa, kwani neno lililohifadhiwa hungoja siku ya kufahamika. Na kuna kukumbuka kwa moyo, nako ni neno kukujia saa ya haja: umeshika mizani dukani, au umeketi na ndugu zako mbele ya mali ya marehemu baba yenu.

Tuchukue mirathi. Kila mwanamume wa pwani, hata asiyejua kusoma, amehifadhi kuwa fungu la mwanamume ni sawa na mafungu ya wanawake wawili. Walakini mara ngapi twaona baba amekufa, ameacha nyumba na shamba, ndugu wanaume wakashika, na dada akaambiwa angoje! Hungoja mpaka akazeeka, na pengine mpaka akafa, wanawe wakarithi kungoja kwake. Hukumu ni moja na jumla ni moja. Hawa wameishika nusu inayowapa na wameisahau nusu inayowatoa. Nafsi haisahau kwa udhaifu wa akili peke yake. Nafsi husahau kwa kuchagua.

Basi msemaji anayetaka neno hili likae, asitosheke kusema kuwa kula mirathi ya mwanamke ni haramu; hilo wamelisikia. Na aseme hivi: mtu amekufa, madeni yamelipwa na wasia umetolewa, akaacha mke, wana wawili wanaume na binti mmoja, na shamba la minazi 40. Mke ana thumni, nayo ni minazi 5. Iliyobaki ni 35, hugawanywa mafungu matano, kila fungu minazi 7. Kila mwana mwanamume achukue 14, na binti achukue 7. Tano, na saba, na kumi na nne mara mbili: arubaini imetimia. Aliyeisikia hesabu hii, akawa na shamba la baba yake mkononi, hatoweza tena kupita chini ya minazi ile saba akajifanya hajui ni ya nani. Kila nazi iangukayo itamtajia jina la dada yake. Huko ndiko kukumbuka, na huko ndiko kufikisha.

UWONGO UNAOKUMBUKWA

Sasa tumefika mahali penye khatari. Ikiwa makusudio ni neno likumbukwe, yuko atakayesema: basi na tuwape watu visa vya ajabu, ijapokuwa havina asili, maadam vyawavuta katika kheri.

Mlango huu ni wa zamani. Wanazuoni wa Hadithi wamenakili khabari ya Nuh bin Abi Maryam, aliyezua Hadithi za fadhila za kila Sura, Sura moja baada ya moja. Alipoulizwa, udhuru wake ulikuwa kwamba aliwaona watu wameiacha Qurani, wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na khabari za vita za Ibn Ishaq, akataka kuwarejesha. Tazama nia ilivyokuwa, na tazama amali. Mtume ameahidi makao ya Motoni kwa mwenye kumzulia uwongo kwa kusudi, na Imam Nawawi katika sharhi yake ya Sahihi Muslim amebainisha kuwa hapana tafauti katika uharamu huo baina ya uwongo wa hukumu na uwongo wa kuwaraghibisha watu au kuwaogopesha.

Na sisi tuna ushahidi wa karibu. Mwaka 1908 ilienea katika pwani ya Tanganyika, wakati ule chini ya Wadachi, barua iliyoitwa ya Makka, nayo yanasibishwa na mtu aitwaye Sheikh Ahmad, aliyedai kumuota Mtume. Namna ya waraka huu haikufa. Huja tena na tena, na leo haunakiliwi kwa kalamu bali hupita katika simu za mkononi. Huahidi riziki kwa atakayeueneza, na huogopesha kwa msiba atakayeupuuza. Wanazuoni wameukanusha mara nyingi, naye Sheikh Abdul-Aziz bin Baz aliuandikia risala ya kuubatilisha. Lakini ulizeni: kwa nini waraka wa uwongo umeishi zaidi ya miaka 100, na khutba ya kweli haiishi hata Alasiri? Kwa sababu mtungaji wake ameutia vyote vinavyoshika: jina la mtu, mahali pajulikanapo, khofu, tamaa, na kazi ya kufanya sasa hivi. Wenye haki wamelala, na mwongo amefanya kazi yao.

Jawabu, basi, si kuiga uwongo wake, wala si kuiacha kweli uchi kwa kujidai kuwa kweli haina haja ya nguo. Khofu na matumaini yamo katika Qurani, mifano imo, visa vya kweli vimo. Mtu na achote humo. Mizani yetu ni hii: pambo ni mtumishi na kweli ni bwana. Ukiona mtumishi amekaa kitini na bwana amesimama mlangoni, jua nyumba imeharibika. Kisa chenye sanadi dhaifu na kisemwe kuwa ni dhaifu; na mfano uliotungwa na msemaji, kama wetu wa minazi, na ujulikane kuwa ni mfano, usinasibishwe kwa Mtume wala kwa sahaba. Na madhara ya uwongo wa kheri hayaishi hapo: siku mtu akijua kuwa kile kilichomliza hakikuwa kweli, atatilia shaka hata kile kilicho kweli, na nani atamrejesha?

HAKI JUU YA MSIKIZI

Tumemlaumu msemaji, na msikizi asifurahi, zamu yake imefika. Mwenyezi Mungu katika Sura Az-Zumar amewasifu wanaosikiliza maneno kisha wakafuata yaliyo bora yake. Sifa ni ya kusikiliza na kufuata, si ya kuhudhuria. Siku ya Ijumaa tumekatazwa hata kumwambia mwenzetu anyamaze khatibu akiwa anakhutubu. Basi itakuwaje hali ya anayeitazama simu yake chini ya kanzu?

Mtume amemwombea nuru ya uso mtu aliyesikia neno lake, akalishika, akalifikisha kama alivyolisikia. Kwani huenda mwenye kufikishiwa akalifahamu zaidi kuliko aliyelibeba. Katika haya mna njia ya kukumbuka iliyo nyepesi kuliko zote: mpe mwenzio. Ukirudi nyumbani Ijumaa, waambie mkeo na wanao neno moja tu ulilolipata. Likikushinda kulieleza, jua hukulishika, rejea ukaulize. Na njia ya pili ni amali. Tabii Abu Abdurrahman As-Sulami amepokea kuwa waliowasomesha Qurani katika sahaba walikuwa wakichukua aya kumi, hawazipiti mpaka wajue yaliyomo ndani yake ya ilimu na amali. Neno lililofanyiwa kazi lina mizizi. Neno lililosikiwa tu ni kama mbegu juu ya jiwe.

KHATIMA

Basi jawabu la mas-ala yetu ni kuwa dhima ni ya wawili, na kila mmoja ataulizwa sehemu yake. Msemaji ataulizwa: ulisema haki? ulisema kwa lugha yao? ulifupisha? uliwatafutia mfano katika maisha yao? na je, hukuzua? Akiyatimiza hayo, kisha watu wakatia vidole masikioni, ana udhuru wa Nuhu. Na msikizi ataulizwa: ulisikiliza? uliuliza? ulifanya? ulimpa mwenzio?

Ewe ndugu yangu uliyeshika karatasi hizi, usizitie rafuni kwanza. Kama kuna shamba, au nyumba, au fungu la dada yako au shangazi yako lililosahauliwa katika ukoo wenu, wewe ndiye khatibu wa nyumba hiyo leo. Kaa na ndugu zako, hesabuni, mtoe. Hapo neno litakuwa limefika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wanaosikia wakafuata, na atuepushe na ndimi zinazosema tusiyoyatenda. Wabillahi ttawfiq.